Kijiji Kilichoshonwa

Kijiji chenyewe kilikuwa kimebanana, usipime. Mtu wa mbali angedhani huku mashambani ardhi ni ya kumwaga, lakini nenda ukaone mwenyewe: ua umegusa ua, shamba limelalia shamba, na ukitaka kutoka kwako kwenda kisimani sharti upite kwa watu. Hodi hapa, hodi pale, samahani jirani napita tu, mpaka midomo inakauka. Wazee wao waligawia watoto, watoto wakagawia wajukuu, na katika kugawana kote huko hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba binadamu ana miguu na ni lazima apite mahali. Ebo! Watu wazima na akili zao!

Aliyeumizwa na jambo hili kuliko wote alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba, pini mdomoni saa zote, ambaye hata akikusalimia unaogopa atazimeza. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule, kwa hiyo mambo ya nyumbani yote yalikuwa juu yake. Na jambo kubwa lilikuwa moja tu: mama yake mzazi. Yule mama aliishi bondeni, mwisho kabisa wa kijiji, na alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Zahanati iko juu, kando ya barabara kuu. Muuguzi alikwisha kusema bila kupepesa macho: kidonda kinataka kusafishwa kila wiki. Kikiachwa, mguu utakatwa.

Sasa mtu asiyeweza kukanyaga chini utamfikishaje zahanati mahali ambapo hata baiskeli inabebwa begani? Walikuwa wakimkalisha kwenye kiti na vijana wanamwinua, wanapita naye kwenye nyua za watu na kwenye matuta ya maharage, huku fundi akitangulia kuomba radhi kila mlango. Siku moja, mvua imenyesha, wakateleza. Mama akaanguka kwenye tope, gauni limempanda mpaka kiunoni, na watu wamesimama wanatazama. Tangu siku hiyo akagoma.

"Mimi si gunia," alisema. "Atakayenibeba tena atanibeba nimeshakufa."

Fundi akalia, akabembeleza, akatishia kuhamia bondeni na cherehani yake. Wapi! Akawa anakisafisha kile kidonda mwenyewe kwa maji ya chumvi, na kila akifungua kitambaa anaona kimezidi kwenda chini. Harufu yake alikuwa akirudi nayo mpaka kwake.

Ndiyo maana ulipokuja ule mpango, aliuparamia kwa mikono miwili. Safari hii wakubwa wa wilayani hawakutaka kuja na ramani yao na kusema barabara itapita hapa na soko litakaa pale. Walisema wanakijiji wenyewe wakae, wapange, waonyeshe njia zipite wapi, na kila mwenye ardhi aridhie kwa kinywa chake. Wakikubaliana, ofisi itautambua mpango huo na kuuandikisha. Wakishindwa, basi, wabaki hivyo hivyo na hodi zao. Aliyeletwa kuwasaidia alikuwa msichana wa mipango miji, mpole, mcheshi, watu wakamwita Binti Ramani, akaitika bila kununa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa ugomvi. Binti Ramani alitandika karatasi kubwa yenye mistari, na watu wakainama kuitazama mpaka wakagongana vichwa, wasijione popote. Mwenyekiti akaweka kidole ili aonyeshe kisima, mtu akamwambia, "Toa kidole kwenye nyumba yangu." Mkutano wa pili ulikuwa ugomvi pia, ila wa sauti ya juu zaidi.

Na katikati ya kila ugomvi alikuwapo shemeji yake fundi, kaka mkubwa wa mumewe, mfyatua matofali. Jina lake walishalisahau, maana kila akiombwa kitu jibu lake lilikuwa moja, nalo ndilo likawa jina: Sitoi. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ukifiwa atakuja na matofali ya kaburi bila kuitwa. Lakini ardhi yake, thubutu! Shamba lake lilikaa kati ya zahanati na bonde kama kizibo kwenye chupa, na yeye na jirani yake wa upande wa pili, muuza maziwa, walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka. Kila mmoja alidai mwenzake amesogeza ua. Wakikutana njiani, mmoja anatazama mbingu, mwingine anatazama viatu.

"Shemeji," fundi alimwambia siku moja, "mama yangu ataoza mguu kwa ajili ya kipande ambacho hata hukilimi."

"Kitakuja kulimwa," alijibu Sitoi. "Nikitoa leo njia ya mama yako, kesho mtaniomba njia ya mbuzi. Mimi nampenda mama yako, lakini ardhi sitoi."

Basi fundi akarudi kwenye cherehani yake akiwa na hasira, na hasira yake ndiyo iliyozaa lile wazo. Kwenye mkutano wa tatu alisimama, akatoa pini mdomoni, jambo lililowafanya watu wanyamaze, akasema: karatasi haitufai. Kila mtu akapime kwake, akate kitambaa cha umbo la shamba lake, kitambaa anachokijua, alete. Mimi nitaunga. Mtu hawezi kukosa kulitambua shati lake mwenyewe.

Watu walicheka, lakini Binti Ramani hakucheka. Akawakatia kamba zenye fundo kila baada ya hatua mbili, akawafundisha kupima: kila fundo moja shambani ni upana wa kidole kimoja kwenye kitambaa. Akapita nyumba kwa nyumba kuhakiki, na kwa mara ya kwanza kijiji kizima kikawa nje kinapima mipaka, majirani wameshikiana kamba, huyu anavuta, yule analegeza, wanazomeana na kucheka.

Vitambaa vikaanza kufika kwa fundi. Pazia, shuka, sare ya shule iliyochoka, gauni la harusi la mtu ambaye alisema halimwingii tena wala hataki maswali. Mwalimu wa madrasa na mchungaji walileta mashati yao, na kwa kuwa walikuwa majirani mashati yakakaa bega kwa bega. Muuza maziwa alileta pazia la maua mekundu. Sitoi akaleta kipande cha turubai, lile la kufunikia matofali.

"Shemeji, hiki kitanivunjia sindano," alilalamika fundi.

"Ndiyo maana nimekileta. Kitambaa chepesi mtakimegua."

Kilimvunjia sindano kweli, si moja. Alishona mpaka kiuno kikakataa kunyooka, kila mshono akizifungua kingo zake za ndani na kuzilaza huku na huku kwa pasi ya mkaa ili kazi itulie. Turubai peke yake lilikataa pasi, maana lingeyeyuka, na ukingo wake ukabaki umesimama wima. Kitambaa cha mwisho kilikuwa cha bondeni: gauni la buluu la mama, lile la siku ya tope. Mama mwenyewe ndiye aliyelikata.

Siku ya kutandaza, walisukuma madawati ya darasa kubwa mpaka ukutani, wakaifunua ile kazi sakafuni kutoka ukuta mpaka ukuta. Mlango ukafunguliwa, watu wakaingia na makelele yao, na makelele yakaishia mlangoni. Hakuna aliyewaambia wavue viatu, lakini walivua. Walisimama pembeni, wamebanana, wanatazama chini. Kile ni kijiji chao. Si mistari ya mtu wa mjini. Pale pazia la fulani, pale suruali ya fulani, pale gauni la harusi limekaa mlimani, na lile gauni la buluu kule chini peke yake. Watu waliozaliwa pale, wakakulia pale, hawakuwahi hata siku moja kukiona kijiji kizima kwa mpigo. Bibi mmoja alishika kinywa akasema, "Lo! Kumbe tuko wengi hivi?" Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa usingizini tu, safari hii alinyamaza macho wazi, akitafuta kisima kwa kidole. Fundi aliwatazama wanavyotazama, na moyo ukamjaa.

Hapo ndipo Sitoi alipopiga magoti, akatoa mfukoni uzi aliopimia, akaulaza juu ya turubai lake. Akapima upande huu. Akapima upande ule. Akapima tena. Akainua kichwa polepole.

"Shemeji," alisema, "umenila."

"Nimekula nini?"

"Shamba langu. Nililileta kubwa, hapa limepungua. Kila upande limepungua kidole. Kidole ni fundo zima! Watu wote njooni mwone, nimeibiwa mchana kweupe na mke wa mdogo wangu!"

Muuza maziwa, ambaye kwa miaka hakukubaliana na Sitoi hata kuhusu hali ya hewa, alipima pazia lake akasema, "Hata mimi!" Mchungaji akapima shati. Hata yeye. Mwalimu wa madrasa, hata yeye. Ilimradi kila mtu alikuwa chini na uzi au kiganja, na kila mtu amepunjwa, na darasa likawaka moto wa kelele. Wako walioanza kusema hii ndiyo njama yenyewe, fundi amewamegua wote ili apate njia ya mama yake.

Fundi aliinama, akapima mwenyewe kwa kidole. Kisha akaelewa. Mshono! Jamani, mshono! Kila nguo inayoingia kwa fundi hukatwa na ziada ya kidole kila upande, ya kushonea, na hiyo ziada huikata yeye mwenyewe. Safari hii watu walikata wenyewe, kamili, bila ziada, naye hakuwaambia. Akaunga kama anavyounga siku zote, kidole huku, kidole kule, mkono umefuata mazoea, wala kichwa hakikuulizwa. Fundi wa miaka yote hiyo! Aliona mpango umekufa mkononi mwake, na mguu wa mama umekwenda nao.

"Sikukata!" alipaza sauti. "Haki ya Mungu sikukata hata uzi wa mtu! Mashamba yenu yote yamo. Yako kwa ndani, yameingia kwenye mshono. Nisaidieni kugeuza mwone!"

Alitaka tu waone kwamba si mwizi. Watu wakashika kingo, wengine kwa kununa, wakainua kijiji chao chote kikapepea hewani, wakakigeuza na kukilaza kifudifudi.

Walioshika kingo walisahau kuziachia.

Vitambaa vyote vilikuwa vimepauka, maana huo ndio upande wa ndani, maua hayaonekani vizuri na rangi zimefifia. Lakini zile kingo zilizofunguliwa na kulazwa kwa pasi zilikuwa zimeonyesha uso wa nje wa vitambaa, wenye rangi kali. Kila palipo na mshono palikuwa na mkanda unaong'aa, nusu wa huyu na nusu wa jirani yake. Na mikanda ilikutana. Ilishuka kutoka zahanati, ikapita kati ya mchungaji na mwalimu, ikagawanyika, mmoja ukaenda kisimani, mmoja ukaenda shuleni. Kwa haraka ungedhani hapakuwa na shamba hata moja ambalo mkanda haukuligusa. Kijiji kizima kilikuwa na njia. Zilikuwa zimelala pale mbele yao, na hakuna mtu aliyezichora.

Fundi mwenyewe alizifuata kwa macho, haamini. Kitambaa alikishona kwa mikono yake, akakizungusha magotini siku nenda rudi, lakini njia hizo hakuziona. Kumbe alikuwa anatazama mshono mmoja mmoja.

"Mungu wangu," alinong'ona Binti Ramani. Alipiga magoti, akaweka vidole viwili juu ya mkanda. Kidole cha huku, kidole cha kule. "Mafundo mawili. Hapa gari linapita." Akafuta macho kwa mkono wa blauzi wala hakuona haya. "Jamani, ofisini tungekaa mwaka mzima, na tusingepata kitu cha haki namna hii. Kila mtu ametoa sawa."

"Ila zahanati imehamia mkono wa kushoto," mtu alisema, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimegeuzwa, na watu wakacheka, kicheko kidogo cha watu ambao karibu walie.

Lakini ile njia ya kwenda bondeni haikufika. Ilishuka vizuri mpaka kwa Sitoi, na pale, kati ya turubai na pazia la maua, ukingo wa turubai ulisimama wima, mgumu, umekataa kulala. Ng'ambo yake gauni la buluu lilikuwa limekaa peke yake. Hakuna hata aliyemtazama Sitoi. Walitazama ule ukingo.

Sitoi alikuwa bado kapiga magoti na uzi wake. Aliunyoosha mkono akaubonyeza ule ukingo kwa kidole. Ulilala. Alipouachia, ukasimama. Akaubonyeza kwa kiganja. Ukasimama tena. Jasho lilikuwa likimtoka. Akajaribu kwa mikono yote miwili, uso umemwiva, na mwisho muuza maziwa akasogea upande wa pili, akapiga magoti, akashika ukingo wa pazia lake akaushikilia chini. Hawakuangaliana.

"Shemeji," alisema Sitoi, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "lete pasi."

"Turubai likipata pasi linayeyuka, shemeji."

"Basi lishone. Si una sindano? Lishone lilale."

Fundi alichomoa sindano kwenye kola ya gauni lake. Uzi ulikataa kuingia tunduni, na mchungaji ndiye aliyemtungia. Akapiga magoti kati ya wale wanaume wawili. Kutoboa turubai kwa sindano ya mkono si mchezo, na kila akisukuma Sitoi alikandamiza zaidi, vichwa vyao vimekaribia kugongana. Darasa zima lilisimama likiangalia mwanamke anashona. Alijichoma kidole, akanyonya damu, akaendelea. Alipokata uzi, Sitoi aliondoa mikono yake polepole sana. Ukingo ulilala. Mkanda ukashuka, nusu turubai na nusu maua mekundu, mpaka kwenye gauni la buluu.

"Sitoi kitu kingine chochote," alisema Sitoi akijipangusa magoti. "Msije mkazoea."

Watu walimrukia, wakampigapiga mgongo mpaka akakohoa. Fundi alibaki sakafuni.

Kila mwenye shamba aliridhia kwa kinywa chake, na kazi ikaanza siku iliyofuata. Kila nyumba ilisogeza ua wake fundo moja nyuma, fundo moja tu, na haikumuuma mtu kama alivyodhani. Nguzo ziling'olewa, matuta yakasawazishwa, na kwa jinsi njia ilivyokuwa ikifunguka watu walikuwa wakiacha majembe na kusimama kuitazama, kwa sababu sasa mtu aliweza kusimama zahanati na kuona moshi wa bondeni. Binti Ramani akapima, ofisi ikaandikisha. Sitoi alileta matofali yaliyovunjika kujazia penye tope, na alipoulizwa kulikoni alisema yalikuwa yanamjazia nafasi.

Kisha bajaji ikashuka bondeni. Dereva alienda kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, na mbele yake alitembea Sitoi, mikono nyuma, eti anahakikisha haikanyagi maharage yake. Mama alitolewa ndani na binti yake, akapanda mwenyewe, akiwa ameshika chuma kwa mkono na gauni kwa mkono mwingine. Watu walikuwa wamesimama kwenye nyua zao pande zote mbili. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walimsalimia tu, shikamoo mama, shikamoo bibi, naye akaitikia kila salamu, marahaba, marahaba, na fundi aliyekaa ubavuni mwake alikuwa ameuma kanga isije sauti ikamtoka.

Mama alikuwa bado hajamaliza kuitikia salamu bajaji iliposimama. Muuguzi alitoka, akaufungua mguu palepale kitini, akautazama kwa muda, akakibonyeza kidole gumba kuona kama damu inarudi. "Mmewahi," alisema. "Mngechelewa kidogo nisingekuwa na la kufanya. Huu tutautibu."

Fundi alifunika uso. Lakini mama hakuwa akimsikiliza muuguzi. Alikuwa anageuza kichwa, anatazama mlango wa zahanati, kisha njia, kisha kule chini ambako paa la nyumba yake lilikuwa likionekana wazi.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika, mama."

"Kumbe ni hapa tu?" Sauti yake haikuwa ya furaha. "Nimebebwa miaka yote, nimeangushwa nikaaibika mbele za watu, nimekaa ndani nangoja kukatwa mguu, kumbe ni hapa tu?"

Dereva alitazama usukani wake. Ni Sitoi aliyesogea karibu. Alivua kofia, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule mama.

"Ni hapa tu, mama," alisema. "Ilikuwa hapa tu siku zote."

Mama alimtazama mpaka Sitoi akashusha macho. Kisha mama akamnyooshea mkono amsaidie kushuka.